Chai ya mboji imegoma: kutafuta kosa kwenye ndoo, pampu na mfuko

Chai ya mboji ni maji yaliyolowekwa mboji na kupulizwa hewa ili vijidudu wake wazaliane, kisha hupuliziwa mimea au kumwagwa shambani. Mtambo wake unatengenezwa kwa saa moja: ndoo, pampu ya hewa ya tangi la samaki, mpira, mfuko wa mboji na molasi kidogo. Kuuendesha ndiko kwenye kazi. Asubuhi unafunua kifuniko na ndoo inanuka kama mtaro wa sokoni. Au povu limemwagika hadi mlangoni. Au pampu imekufa na ukiitikisa unasikia maji ndani. Wengi wakifika hapo huanza kuchezea mapishi. Wanaongeza molasi ili vijidudu wapate nguvu, au wanaongeza mboji. Karibu kila mara huko ni kuzidisha ugonjwa.

Bakteria na kuvu waliomo kwenye mboji wanakula sukari huku wakivuta oksijeni iliyoyeyuka majini. Ukiwaongezea chakula wanazaliana, na wakizaliana wanavuta zaidi. Pampu ikishindwa kufikisha kiasi hicho, oksijeni inakwisha na bakteria wasiohitaji hewa wanaitwaa ndoo. Ndiyo maana dalili nyingi zinazoonekana tofauti zina chanzo kimoja: chakula kimepita hewa. Ukitafuta kosa, anzia kwenye hewa hata kama dalili umeiona kwenye majani.

## Ndoo ya kulinganishia

Hesabu zote hapa ni za ndoo ya lita 20 iliyotiwa maji lita 18, nafasi ya juu ikiachiwa povu. Mboji iliyoiva: mililita 450, yaani nusu lita kasoro kidogo. Molasi: vijiko vitatu vya mezani, mililita 45, kama hakuna, sukari guru gramu 60 iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu. Hewa: lita 7 kwa dakika kwenda juu. Muda: saa 18 hadi 24 kwenye joto la pwani, na hadi 36 kwenye baridi ya Njombe au Limuru.

Anayetumia pipa la lita 200 lenye maji lita 180 azidishe kila kitu kwa 10, hewa ikiwemo. Hapo ndipo mapipa mengi huharibikia: mboji na molasi vimezidishwa mara kumi, pampu ni ileile ya ndoo. Kanuni ya hewa ni lita 0.4 kwa dakika kwa kila lita ya maji, kwa hiyo pipa linadai lita 72 kwa dakika. Hakuna pampu ya tangi la sebuleni inayofika huko. Hiyo ni kazi ya pampu kubwa za mabwawa ya samaki.

## Inanuka

Pua ndiyo kifaa cha kwanza, na kwa ndoo moja ya nyumbani inatosha. Chai nzuri inanuka udongo uliopigwa na mvua, na saa za mwanzo huwa na utamu wa mbali wa molasi. Harufu nyingine zina tafsiri zake.

Mayai viza: oksijeni imekwisha, kama si ndoo nzima basi sehemu yake. Kagua kwa mpangilio huu. Je, pampu ilisimama usiku? Je, mapovu yanatoka kila upande au kona moja tu? Je, mfuko umelala chini ukiwa umeshindiliwa, ndani yake hakupiti maji? Je, kuna tope limetulia sakafuni mwa ndoo? Ingiza mkono (wenye glavu) hadi chini, sugua pembe za sakafu, unuse. Mara nyingi maji ya juu hayana neno na uozo umejificha chini ya msalaba wa paipu, ule unaotoa hewa sakafuni mwa ndoo.

Siki au pombe: sukari imezidi. Hamira na bakteria wa asidi wamepata karamu. Punguza molasi kwa nusu kabla ya kugusa kitu kingine, na uipime kwa kijiko. Kumimina kwa macho kutoka kwenye dumu hakuaminiki, maana molasi ya baridi inatoka polepole na ya jua inatoka kwa fujo.

Amonia, ile inayochoma pua kama banda la kuku: mboji haijaiva. Hapa pampu haina kosa. Ijaribu mboji yenyewe: lowanisha konzi mbili, tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, weka kivulini siku tatu. Ukifungua ikakupiga harufu kali, irudishe kwenye lundo.

Saa ambayo harufu imeanza nayo inasema. Ikianza ndani ya saa sita za mwanzo, kosa liliingia na mboji mbovu au ndoo chafu. Kati ya saa ya 10 na ya 18 ndipo vijidudu wanapovuta oksijeni kwa kasi kubwa, kwa hiyo harufu ya wakati huo ni ya pampu kuzidiwa. Ikichelewa hadi saa ya 30, tazama mfuko na tope la chini.

Chai iliyonuka usijaribu kuiokoa kwa kuiachia hewa siku nyingine nzima. Harufu inaweza kupotea, lakini waliozaliana ndoo ilipokosa hewa hawajaondoka. Imwage kwenye lundo la mboji au kwenye shina la mgomba, mbali na mboga.

Joto nalo lina mkono wake humu, na hesabu yake inashangaza kidogo. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba 7.5 tu. Watengenezaji wa chai hii hulenga isishuke chini ya 6. Kwa hiyo Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, akiba yako ni miligramu moja na nusu hata pampu ikiwa nzuri. Mtu wa Nairobi asicheke: kwenye mwinuko wa mita 1,700 kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, imepungua, na maji ya nyuzi 20 huko nayo yanabeba 7.5. Nafuu ya Nairobi ni kwamba kwenye ubaridi vijidudu wanakula polepole, kwa hiyo akiba hiyohiyo inadumu zaidi.

Pwani, basi, wakati wa joto shusha molasi hadi vijiko viwili, weka ndoo kivulini ndani ya beseni la maji, na anza saa kumi na mbili jioni ili nusu ya saa zake au zaidi zipite usiku. Ndoo nyeusi juani usiifikirie kabisa.

## Mapovu ya hewa ni machache

Usiamini maandishi ya kwenye boksi. Kiasi kilichoandikwa kimepimwa pampu ikipuliza hewani, bila maji juu yake. Pima mwenyewe kwa chupa ya maji ya lita 1.5. Ijaze maji, izibe kwa kiganja, igeuze kichwa chini ndani ya ndoo iliyojaa, kisha elekeza mdomo wa mpira ndani ya shingo ya chupa na uhesabu sekunde hadi maji yote yasukumwe nje. Sekunde 12 au 13 ni lita 7 kwa dakika, kiwango cha chini cha ndoo yetu. Sekunde 9 ni lita 10, hapo unapumua. Ikichukua sekunde 30 una lita 3 tu, na hicho ndicho pampu ndogo ya wati 3 hutoa. Pampu ya namna hiyo inafaa kwa lita 7 za maji. Ukiing'ang'ania, punguza maji, mboji na molasi kwa uwiano.

Kama pampu ilikuwa ikifaulu kipimo na sasa inafeli, ichomoe mpira na uweke kidole kwenye tundu lake la hewa. Ikipuliza kwa nguvu, kosa liko mbele, kwenye mpira au matundu. Ikipuliza kwa uchovu, kosa liko ndani ya pampu.

Ndani ya pampu, anza na kile kipande cha sponji au pamba kilicho chini ya kifuniko kidogo cha tumboni. Ndicho chujio, na vumbi la msimu wa kiangazi hulijaza ndani ya miezi michache. Kioshe kwa maji, kikauke, kirudishe. Kisha fungua skrubu nne na utazame diaframu, ile kofia nyeusi ya mpira inayotikiswa na sumaku. Ufa mdogo unaoonekana ukiikunja ndio unaokula hewa. Maduka ya samaki wa mapambo huuza diaframu peke yake, ila nenda na ya zamani mkononi kwa sababu vipimo vinatofautiana. Vile vivali vya mpira, vifuniko vyembamba kama ukucha vinavyopitisha hewa upande mmoja tu, visipangiwe upande usio wake. Vikigeuzwa, pampu itavuma tu bila kupuliza.

Umeme hafifu nao upo. Pampu hizi hutegemea sumaku, na volti zikishuka jioni jirani wote wakipika, hewa inashuka nazo. Na pampu iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani, ya volti 110, usiichomeke kwenye soketi ya 230 bila transfoma. Hata ukiwa na transfoma, ilitengenezewa mitikisiko 60 kwa sekunde na huku ni 50, kwa hiyo itatoa hewa pungufu.

Mbele ya pampu, mkosaji wa kawaida ni jiwe la hewa, lile linalofungwa mwisho wa mpira kuigawa hewa iwe mapovu madogo. Jiwe lina vitundu vidogo sana, na chai hii ni supu ya utelezi. Matumizi manne au matano bila kusafishwa yanatosha kuliziba nusu, na pampu inayosukuma dhidi ya jiwe lililoziba inapata joto na kupasua diaframu. Kwa hiyo jiwe likiziba, mara nyingi utanunua vitu viwili. Lichemshe, lianike juani hadi likauke kabisa, kisha lipulizie hewa kabla ya kulitia majini. Likigoma, litupe.

Kwa sababu hiyo tunapendelea msalaba wa paipu ya PVC ya nusu inchi wenye matundu. Mapovu yake ni makubwa, kweli, lakini yanakoroga maji yote, na tundu la milimita mbili unalizibua kwa msumari. Makosa yake ni mawili. La kwanza ni matundu mengi kupita kiasi. Mpira wa hewa wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4 una upana sawa na matundu manne tu ya milimita 2, au saba ya milimita 1.5. Ukitoboa 30, hewa itatoka kwenye yale ya karibu na mpira na mengine yatakaa kama mapambo. La pili ni msalaba kulala upande. Hewa hufuata njia nyepesi, na tofauti ya sentimita moja ya kimo inatosha kuipeleka yote upande wa juu. Pachika kokoto nne chini ya msalaba hadi mapovu yatoke sawasawa, matundu yakitazama chini ili tope lisiingie.

Kwenye pipa kuna kosa la tatu, nalo ni kina. Kila mita moja ya maji inadai kanieneo ya megapaskali 0.01 (kwenye pampu huandikwa MPa). Pipa lenye lita 180 lina kina cha sentimita 70 hivi. Pampu iliyoandikwa 0.012 itafika, lakini imeshamaliza zaidi ya nusu ya nguvu zake kabla ya kutoa povu la kwanza. Tafuta iliyoandikwa 0.02 au zaidi.

## Pampu imejaa maji, au umeme umekatika

Hizi ni dalili mbili za tukio moja. Umeme ukikatika, hewa iliyomo mpirani inaacha kusukuma, maji yanapanda ndani ya mpira, na kama pampu iko chini ya usawa wa maji yatavutwa hadi ndani ya pampu. Pampu inaungua umeme ukirudi. Dawa ni kuiweka juu ya usawa wa maji, ining'inie kwenye msumari ukutani. Vali ya njia moja, ile ndogo ya plastiki ya duka la samaki, ni nyongeza nzuri, lakini utelezi huiziba ikiwa wazi, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Waya wa pampu nao uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, matone yadondoke sakafuni yasifuate waya.

Umeme ukikatika, chai inastahimili muda gani? Inategemea vijidudu wamefika wengi kiasi gani, na kuna njia ya kupima bila kifaa cha bei. Wauza samaki wa mapambo wana chupa ya rangi ya methilini bluu, wanayotibia kuvu. Chota chai kwenye kichupa kidogo, tia tone moja au mawili hadi igeuke kijani-buluu, ijaze hadi juu, funga bila kuacha hewa. Oksijeni iliyomo ikiliwa, rangi inapotea na chai inarudi kuwa ya kahawia, isipokuwa ukanda mwembamba wa juu. Muda huo ndio kadirio la juu la uvumilivu wa ndoo yako pampu ikisimama. Chai ya masaa 14 iliyotiwa molasi, kwenye joto, usiipe zaidi ya nusu saa. Sampuli uimwage, usiirudishe ndooni.

Mahali penye mgao wa umeme, pampu ya volti 12 inayokaa kwenye betri ya sola ni jibu zuri kuliko jenereta. Kama huna, koroga kwa mwiko na kumimina kutoka ndoo moja hadi nyingine kutoka juu, kila baada ya dakika kumi. Inachosha, ila inaokoa. Ukijua umeme unakatika kila usiku kwa ratiba, tengeneza bila molasi kabisa. Itakuwa na vijidudu wachache zaidi, lakini itavumilia saa nzima ya kimya.

## Povu

Povu linaogopesha zaidi ya linavyostahili. Linatokana na protini na sukari kupigwa na hewa. Povu jingi si ushahidi kwamba chai ni nzuri, na kukosa povu si ushahidi kwamba imeshindwa. Likimwagika, tia matone matano ya mafuta ya kula. Sabuni hapana, itazidisha. Likirudi kila mara, maji yamejazwa kupita kiasi au molasi imezidi.

## Chai ni nyepesi, mboji imebaki donge

Ukifungua mfuko ukakuta katikati ni kukavu au ni matope yaliyoshikana, vijidudu wamebaki humo na umepulizia hewa maji ya sukari tu. Mfuko ujazwe nusu tu, uning'inie katikati ya maji juu ya mapovu, na uuminye kwa mkono mara mbili tatu ndani ya saa ya kwanza.

Kitambaa kina maana kuliko watu wanavyodhani. Kile cha kuchujia tui ni kizito mno; nyuzi za kuvu hazipiti. Soksi ndefu za nailoni nazo zinabana zikilowa. Lenga matundu ya nusu milimita hivi, mfano kitambaa chepesi cha pazia. Chandarua kinaonekana kufaa, lakini vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya wadudu ya kundi la pairethroidi, na hata cha zamani bado kina mabaki. Humo ndani unatafuta kufuga viumbe. Kisichotiwa dawa hakina tatizo hilo.

Njia ya kuondokana na mfuko kabisa ni kumwaga mboji ndani ya maji bila kitu na kuchuja mwishoni. Kwa mtu mwenye msalaba wa PVC unaokoroga vizuri, tunaona ndiyo bora. Kwa mwenye jiwe la hewa ni kujitafutia kazi ya kulizibua.

## Hainuki vibaya, hainuki vizuri, haibadiliki

Baada ya saa 24 maji yana rangi ya chai ya rangi na utamu uleule wa molasi. Hakuna aliyekula. Tazama maji: ya bomba yana klorini, na kazi ya klorini ni kuua haohao unaotaka kuwafuga. Endesha pampu kwenye maji matupu kwa saa kadhaa, au yaache ndoo wazi usiku kucha. Ukiwa na haraka, kidonge kimoja cha vitamini C cha miligramu 200 kilichopondwa kinamaliza klorini ya kawaida ya ndoo nzima papo hapo. Maji uliyoyatia dawa ya kusafishia maji ya kunywa nayo ni ya klorini, yahesabu hivyohivyo.

Kama maji ni ya mvua au ya kisima na hali ni hiyo, mboji imekufa: imekaa gunia juani, imekauka ikawa vumbi. Ilowanishe iwe kama sponji iliyokamuliwa, changanya na kijiko cha pumba, ifunike kivulini siku tatu nne. Ikiota utando mweupe kama pamba, imeamka.

## Utelezi ukutani

Ukiosha ndoo kwa kusuuza tu, kila chai ya pili itakuwa mbaya kuliko ya kwanza. Utelezi unaobaki kwenye viungo vya PVC unakosa hewa ndani yake na kupanda mbegu ya uozo kwenye chai mpya. Ndiyo maana viungo vya ndani ya ndoo visigundishwe. Vishindilie kwa mkono ili vichomoke. Sugua kila kitu ndani ya dakika 15 baada ya kumimina chai, kabla hakijakauka. Mara moja baada ya matumizi matatu, loweka kwa maji yenye Jik, vijiko viwili vya mezani kwa lita 10, nusu saa, suuza mara tatu, anika juani.

## Bomba la kupulizia linaziba

Chuja chai mara mbili wakati wa kumimina, mara ya pili kwa wavu wa dirisha uliokunjwa mara mbili. Ondoa kile kichujio kidogo kilicho nyuma ya nozeli na utumie nozeli ya tundu pana. Bomba la mgongoni lililobeba dawa ya magugu au dawa ya kuvu ya shaba usilitumie kwa chai, hata ulioshe vipi. Nunua la pili dogo. Na chai imiminwe ndani ya saa nne tangu pampu izimwe. Chai ya kwenye chupa iliyofungwa kuuzwa wiki nzima ni kitu kingine, na chupa hujivimbia yenyewe kukuambia hivyo.

## Majani yameungua, yanata, au yana sisimizi

Kingo za majani zikikauka siku moja au mbili baada ya kupulizia, shuku chumvi. Visima vingi vya ukanda wa pwani, Dar es Salaam ikiwemo, vina chumvi inayosikika ulimini, na mboji ya samadi ya kuku huongeza yake juu. Tumia maji ya mvua, au zimua chai mara tano. Kuzimua hakupotezi kitu kwa sababu unachopeleka shambani ni idadi ya viumbe, na idadi haipungui kwa kuongezewa maji.

Majani yakinata na sisimizi wakaja, molasi haikuliwa ikaisha. Ukungu mweusi kama masizi utafuata. Suuza majani kwa maji, na chai inayofuata uipunguzie molasi au uiongezee saa sita. Upulizie baada ya saa kumi na moja jioni. Jua la mchana linaua viumbe juu ya jani kabla hawajashika.

## Mimea haioneshi tofauti

Inawezekana hakuna kosa lolote. Chai ya mboji si mbolea. Nusu lita ya mboji haina naitrojeni ya kumbadilisha mnyanya uliopauka. Kama majani ya chini yana manjano, mmea unaomba chakula: mpe mboji yenyewe shinani, au maji ya samadi au ya alizeti mwitu yaliyolowekwa wiki mbili, ambayo hunuka na ni sawa yanuke, kwa sababu yale ni ya virutubisho.

Hata kuhusu kuzuia magonjwa ya majani wataalamu hawakubaliani. Elaine Ingham, mtaalamu wa viumbe wa udongo wa Marekani, ndiye aliyeitangaza sana chai hii yenye hewa. Linda Chalker-Scott wa Washington State University ameandika mara nyingi kwamba ushahidi wa majaribio ni dhaifu na unayumba. Msimamo wetu: mwenye mboji ya kutosha aitandaze shambani. Chai ina nafasi pale mboji nzuri ni kidogo na eneo ni kubwa, au kwenye vitalu na udongo wa mifuko usio na uhai. Tumia kwenye tuta moja, jirani yake umwagilie maji matupu, utazame kwa wiki sita.

## Kosa lisilotoa dalili

Ndoo inaweza kunukia udongo wa mvua, ikawa na mapovu ya kupendeza, na bado imefuga E. koli au salmonela, bakteria wa kuharisha. Bakteria hawa wanaishi kwenye hewa na bila hewa, na molasi ni chakula chao pia. Wakiingia wachache na mboji, sukari inawafanya wengi. Pua haiwakamati. Mwaka 2004 jopo la chai ya mboji la bodi ya viwango vya kilimo hai Marekani liliitazama hatari hii, na viongezwa kama molasi ndivyo vilivyotiliwa shaka zaidi.

Kinga iko kwenye lundo. Samadi mbichi isiingie ndooni kwa hali yoyote. Mboji iwe imepanda nyuzi 55 au zaidi. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai siku 15 kwenye tuta lililogeuzwa angalau mara tano. Mboji ya minyoo haipandi joto, kwa hiyo minyoo walishwe maganda ya jikoni tu, kinyesi hapana. Mchicha na sukuma wiki zinapikwa, lakini kwa saladi, giligilani na nyanya za kachumbari mwaga chai kwenye udongo peke yake, majani usiyapulizie, hasa kama umetia molasi.